Opareta wa Nduwa

Fundi wa simu akipanda nguzo kule Uru asione kasoro yoyote, alikuwa akipiga kituoni Moshi na kuuliza swali moja tu: "Mektrida, unasikia nini?" Mektrida alikibana kisikilizi kwa bega, akafumba macho, akajibu taratibu: "Hapo ulipo pazima. Shida iko mbele, waya umelalia tawi bichi." Au: "Maungio yameingia maji. Shuka bondeni." Fundi alishuka bondeni, akayakuta maji.

Kwa miaka ishirini na moja, tangu 1974, alikaa kwenye kiti kirefu mbele ya ubao wa kuunganishia simu, akichomeka na kuchomoa nyaya, akisema "Namba tafadhali" kwa sauti iliyojulikana na kila mwenye simu mjini, ingawa wengi wao hawakuwahi kuuona uso wake. Mwaka 1995 ikaletwa mitambo inayojiunganisha yenyewe. Meneja aliwaita wanawake sita wa ubao ule, akawaeleza kuwa mashine mpya haihitaji sikio la mtu. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma maelezo kwenye chupa ya dawa. Kila mmoja alipewa barua, akashikwa mkono, akaruhusiwa kuchukua kitu kimoja cha kumbukumbu kutoka kwenye lundo la vifaa vya kutupwa. Watatu walichukua viti. Mektrida alichukua mkono wa simu nyeusi ya zamani, ule mzito, pamoja na waya wake, akapanda gari la Kibosho na kurudi nyumbani.

Nyumbani kwake kulikuwa Ngirini, kwenye kihamba alichoachiwa na marehemu mumewe: migomba, mibuni, ng'ombe mmoja wa maziwa. Mwanawe Filbert alikuwa na kazi Arusha. Kihamba kile kilikuwa cha mwisho kwenye mfongo, ule mfereji wa asili uliochimbwa na mababu kuleta maji kutoka mlimani, na mtu wa mwisho kwenye mfongo huishi kwa fadhila ya nduwa.

Nduwa ni bwawa la udongo ambamo maji ya mfongo hukusanywa, kisha hufunguliwa asubuhi kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Nduwa ya Ngirini ilikuwa na vigingi viwili vya mti. Cha juu kilifunguliwa kila siku. Cha chini, kigingi cha tope, kiling'olewa mara moja kwa mwaka, siku ya kusafisha, kwa hiyo futi mbili za maji ya chini hazikuwa zikitoka. Mtu akitaka kujua kama kigingi kinavuja alitega sikio kwenye mti wake, maana maji yanayovuja huimba.

Asubuhi moja ya zamu yake Mektrida aliinama akatega sikio. Kigingi hakikuvuja. Lakini alisikia kitu kingine: kugonga, kukwaruza, kutulia, kugonga tena. Aliganda pale akiwa ameinama mpaka mgongo ukauma. Ulikuwa mlio wa kituo cha simu saa nne asubuhi, wakati mji mzima unapotafutana.

Ndipo alipoukumbuka ule mkono wa simu uliokuwa kabatini.

Aliujua vizuri. Ukiunganisha mdomo wake na betri mbili za tochi, sikio litasema kila linalotokea mdomoni. Akakata waya, akatenganisha mdomo na sikio kwa waya mwingine wa mita kumi, akaufunga mdomo kwenye mfuko wa rambo, akautumbukiza. Maji yaliingia papo hapo. Akajaribu mpira wa baiskeli, akasikia mvumo tu, kama mtu anayezungumza akiwa ndani ya blanketi. Ikabidi aende mjini.

Karibu na soko kuu kulikuwa na duka la Dhirendra, fundi wa redio ambaye pia alikodisha vipaza sauti kwa arusi na mikutano ya injili. Mektrida alimkuta ameinamia redio iliyofumuliwa.

"Habari za asubuhi. Naomba msaada wa kitu kisichoingiza maji."

Dhirendra hakuinua kichwa, ila mkono wake ulisimama. "Sema tena."

"Nataka kitu kisichoingiza—"

"Siyo hicho. Sema 'namba tafadhali'."

Mektrida akacheka. "Namba tafadhali."

Dhirendra alisimama, redio ikamwagika vipande. "Sulochana! Njoo upesi, Opareta yuko dukani!" Mkewe akatokea nyuma ya pazia akifuta mikono. "Ndiye huyu? Miaka kumi na tano nilidhani ni mama mnene!"

"Na mimi nilidhani wewe ni kijana, Mbili Sita Saba Moja," alisema Mektrida, maana mtu yule alikuwa kichwani mwake kwa namba kabla hajawa na uso.

Walimpa chai ya maziwa yenye tangawizi, akaeleza shida yake yote. Dhirendra hakumcheka. Alifikiri, akajikuna shingo, akatazama dari. "Kuna mpira mwingine, Opareta. Mwembamba sana. Unapitisha sauti, hauingizi maji. Unapatikana... hata zahanati wanao. Ule wa... wa kampeni."

"Kampeni gani?"

"Ya... afya."

"Mwambie kondomu, Dhirendra!" Sulochana alipaza sauti. "Mama mzima huyu, ana mtoto!"

Basi mjane wa Kibosho, mwimbaji wa kwaya ya misa ya pili, akaanza kununua mipira kwenye duka la njia panda. Mmoja ulidumu siku nne au tano kabla ya kutobolewa na mwiba. Kwa wiki mbili alinunua pakiti tatu, na jioni ya Jumapili ya pili jirani yake Yuditha, mpika pombe ya mbege, alikuja na kukaa jikoni bila kukaribishwa.

"Mama Filbert, niambie mwenyewe nisisikie kwa watu. Ni nani?"

"Nani wa nini?"

"Usinifanye mtoto. Pakiti tatu! Kama ni yule mgane wa kule juu, Mungu awabariki. Lakini kama ni mwalimu mkuu, yule ana mke, na mke mwenyewe ana mikono kama michi."

Mektrida alicheka moyoni. Alimshika mkono, akampeleka nduwani jua likiwa bado halijazama, akautumbukiza mdomo wa simu ndani ya vazi lake jipya, akamwekea Yuditha kisikilizi sikioni. Yuditha alianza kufungua kinywa aseme jambo. Kikabaki wazi.

"Yesu na Maria," alinong'ona. "Nani anakaanga?"

"Wadudu."

"Wametoka wapi?"

"Wapo siku zote."

Yuditha akarudi na kuwaambia watu ukweli wote, na ukweli ule haukuaminika hata kidogo, kwa hiyo ile habari ya mwalimu mkuu iliendelea kwa miezi kadhaa.

Mektrida alinunua daftari la mistari. Aliwaandika wakazi wa nduwa jinsi alivyowajua wateja wa mjini, kwa namba. Moja: anakwaruza, haraka, hasa asubuhi, mdudu mweusi mwenye miguu kama makasia. Mbili: anagonga mara tatu na kunyamaza, ni kaa, chini ya jiwe la kusini. Tatu: anameza hewa juu na kurudi, kiluwiluwi. Namba Nne ilimsumbua kuliko zote. Ilikuwa kama filimbi nyembamba, kisha mchiriziko wa sauti ndogo nyingi, na ilianza jua likipiga maji, ikakoma wingu likipita. Alimtafuta mdudu huyo kwa wiki sita. Mwishowe alitia jani la nduwa kwenye chupa ya jemu yenye maji, akaiweka juani, akaona vipovu vikipanda mfululizo kama shanga kutoka kwenye ncha ya jani. Hakuwa mdudu. Yalikuwa majani yenyewe. Akaandika: *Nne: majani, yakipata jua.* Akapigia mstari.

Hivyo ndivyo alivyoishi kwa miaka mitatu, akikamua, akipalilia, akisikiliza. Hakumsumbua mtu.

Januari 1999 maji ya bomba yalifika Ngirini, na mwenyekiti wa kitongoji akaitisha mkutano. Mwenyekiti alikuwa Filemon, mdogo wa marehemu mume wa Mektrida, mtu mrefu mwenye kupenda maendeleo na aliyekuwa na haraka nayo. Alisema biashara sasa ni huria, kila kitongoji kina fremu za maduka isipokuwa chao. Nduwa iko pazuri, karibu na barabara. Ijazwe kifusi, zijengwe fremu sita.

"Na sisi wa chini?" aliuliza Mektrida. "Bomba lako linatoka siku mbili kwa wiki, tena jembamba kama mkia wa panya. Migomba yangu inakunywa nduwani."

"Shemeji, maji yale yamekufa. Hayana kazi ila kuzaa mbu."

"Hayajafa."

"Umejuaje?"

"Nayasikia."

Watu waliangua kicheko. "Shemeji anapigiwa simu na vyura!" alisema Filemon, na kicheko kikapanda tena. Mektrida alisubiri kiishe, jinsi alivyokuwa akisubiri mteja mwenye hasira amalize. Kisha akasema, "Kabla hamjapiga kura, niruhusuni niwasikilizishe. Wote kwa pamoja."

Filemon alikuwa na tabia moja nzuri, alipenda mchezo wa haki. "Sawa. Jumapili ya tarehe saba Machi, baada ya misa ya pili, palepale nduwani. Tukisikia kitu kilicho hai humo ndani, mimi wa kwanza nitanyoosha mkono upande wako. Tusiposikia, Jumatatu naleta kifusi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Mektrida alikwenda nyumbani akijua kilichowekwa mezani. Migomba ya watu wanane wa chini ilikuwa mezani. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema kwa mtu. Alikwishaambiwa mara moja kwamba sikio lake halihitajiki. Hakutaka kuambiwa mara ya pili, tena nyumbani.

Dhirendra aliahidi kuleta kikuza sauti, betri ya gari na kipaza sauti cha tarumbeta, bure. "Nimekodisha kwa wahubiri na maharusi," alisema. "Kwa vyura ni mara ya kwanza."

Jumatano tarehe tatu Machi Mektrida alipulizia dawa mibuni yake. Ilikuwa mrututu, ile ya buluu ya kuzuia ugonjwa wa matunda ya kahawa. Zamani dawa ililetwa na ushirika ikiwa na kipimo chake. Siku hizi iliuzwa mjini kwa kuchotwa kwenye gunia, na kila mtu alikisia kwa kijiko. Alipomaliza alibeba pampu mpaka mfongoni, kwenye jiwe bapa lililoitwa Jiwe la Pampu, akaiosha vizuri. Wote waliosha pale. Bwana shamba mmoja wa zamani aliwahi kuwaonya wasioshe pampu nyumbani karibu na watoto na ng'ombe, nao walimtii mno: walioshea mfongoni, maji yakaibeba dawa, kila mtu akaenda zake akiwa msafi. Mwaka ule kila kahawa ya Ngirini ilipuliziwa wiki ileile, kwa sababu mawingu ya masika yalikuwa yameanza kujikusanya.

Alhamisi asubuhi alitumbukiza mdomo wa simu nduwani afanye majaribio. Akasikia kimya.

Hakikuwa kimya cha kifaa kilichoharibika. Hicho alikijua. Hii ilikuwa laini iliyo wazi, na upande wa pili hakuna mtu. Hata hivyo alibadilisha betri. Alibadilisha mpira. Alitumbukiza mdomo kwenye ndoo na kukwaruza ndoo kwa ukucha, ikasikika kama trekta. Akarudi nduwani. Kimya.

Akafanya alivyokuwa akiwaelekeza mafundi: panda laini, sikiliza kila hatua. Alitembea na mfongo kwenda juu, akitumbukiza na kusikiliza. Kwenye daraja la gogo, kimya. Kwenye kona ya mipera, kimya. Alipopita Jiwe la Pampu na kutumbukiza hatua kumi juu yake, Namba Moja alikwaruza sikioni mwake kana kwamba hakuna lililotokea. Akarudi hatua ishirini chini. Kimya. Akalitazama jiwe. Lilikuwa na madoa ya buluu, mengine makavu, mengine mabichi. Doa bichi kuliko yote lilikuwa lake, la jana jioni.

Alikaa kwenye majani. Yuditha, aliyekuwa akimfuata kwa nyuma na kikapu cha ndizi za mbege, alimkuta hapo na kuelezwa.

"Usiseme kwa mtu," alisema Yuditha mara moja. "Una waya?"

"Ninao, mwingi."

"Basi Jumapili utege huku juu, waya uupitishe chini ya majani mpaka nduwani. Nani atajua? Wadudu ni wadudu."

Mektrida aliukadiria umbali kwa macho. Lilikuwa jambo rahisi. Waya ungetosha.

"Miaka ishirini na moja, Yuditha, sijawahi kumwunganisha mtu na namba siyo kwa makusudi," alisema mwishowe. "Watauliza habari za nduwa. Siwezi kuwapa mwingine aongee."

"Basi kifusi kinakuja."

"Labda. Kesho zamu ya maji ni ya nani?"

"Kesho ya yule mzee wa kanisani. Jumamosi ya Filemon." Yuditha akamtazama. "Hapana. Huwezi kwenda kwake."

Ijumaa saa mbili asubuhi Mektrida alikata jani refu la isale kwenye ua wa kihamba chake, akalifunga fundo, akalishika kwa mikono miwili. Kila Mchagga anajua maana ya mtu anayekuja hivyo: amekosa, anaomba radhi, na anayeletewa jani hilo hana njia ya kukataa.

Filemon alikuwa uani akikata majani ya ng'ombe. Alipoliona jani alitupa panga chini.

"Shemeji! Nani amekufa?"

"Nduwa. Na mimi ni mmoja wa walioiua." Akamweleza yote, jiwe, pampu, kijiko cha kukisia. "Maji ya zamu yako ya kesho yana sumu niliyoitia mimi na wenzangu. Naomba unisamehe. Na naomba hiyo zamu. Nataka kung'oa kigingi cha tope, maji yote machafu yaende korongoni, mfongo upite ndani siku nzima."

Filemon alilitazama lile jani kana kwamba linaweza kuuma. "Maharage yangu yamejikunja kwa kiu, unajua? Na wewe ungekaa kimya mpaka Jumapili, ningeshinda bila hata kutoka jasho."

"Najua."

"Sasa kwa nini umekuja kwangu? Kuna watu mia Ngirini."

"Zamu ni yako, shemeji. Na tulikubaliana mchezo wa haki."

Filemon alipangusa mikono kwenye suruali, mara moja, mara ya pili. Alilipokea jani. "Umenishika," alisema. "Umenishika pabaya. Baba alilipokea hili kwa mtu aliyemuulia fahali, akamkaribisha na mbege juu yake. Mimi nitasemaje?" Kisha, kwa sauti ya kujikaza: "Lakini kusamehe siyo kupiga kura."

"Sikuomba kura."

Jumamosi alfajiri Filemon mwenyewe alikuja kung'oa kigingi cha tope, kwa sababu kilikuwa hakijaguswa tangu mvua za Elnino na wanawake wawili wasingekiweza. Kilipotoka alianguka chali ndani ya tope mpaka masikioni, na Yuditha alilazimika kwenda nyuma ya migomba kucheka. Maji ya buluu-kijivu yaliteremka korongoni. Siku nzima mfongo ulipita ndani ya nduwa ukiisuuza. Mektrida na Yuditha walipanda mpaka juu kabisa mfongo unapoanzia, wakateremka na madebe kichwani yenye tope, majani ya majini na chochote kilichokuwa ndani yake, mara tisa. Jioni waliziba. Nduwa ikaanza kujaa. Mektrida alisikiliza kwa nusu saa. Alisikia mkwaruzo mmoja, au alidhani amesikia. Hakuuandika kwenye daftari.

Jumapili ilikuja na mawingu yaliyofunika mlima wote na kukaa juu ya migomba. Dhirendra alifika na pikapu saa nne, pamoja na Sulochana aliyebeba kiti chake mwenyewe na chupa ya chai. Tarumbeta ikafungwa kwenye mparachichi, betri ikawekwa kwenye nyasi. Misa ya pili ilipotoka watu walimiminika, nguo za kanisani, watoto migongoni, wazee na bakora zao. Wengine walikuwa wamekuja kuona shamba la fremu.

Filemon alifungua mkutano kwa maneno machache. Mektrida akasimama. Hakuwa amezoea kuzungumza na watu anaowaona.

"Kabla ya kuwasikilizisha nina jambo la kusema. Jumatano niliosha pampu yangu kwenye jiwe, na Alhamisi nduwa ilinyamaza. Siyo mimi peke yangu, lakini mimi nilikuwa mmoja. Tumeisuuza jana. Mtakachosikia ndicho kilichomo, kiwe kingi au kidogo."

Watu walitazamana. Wengi wao walikuwa na buluu kwenye kucha. Mektrida akautumbukiza mdomo wa simu, Dhirendra akafungua kikuza sauti.

Tarumbeta ilitoa pumzi nyembamba, basi. Dakika moja. Mbili. Mtoto akalia, akanyonyeshwa.

"Labda wamekwenda misa ya tatu!" alisema mtu nyuma, na watu wakacheka.

"Labda Mama Filbert hajawanunulia mipira!"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Sulochana akageuka kwenye kiti chake. "Wewe mwenye kofia! Ukija kukodisha spika ya arusi nitakukumbuka!"

Dhirendra alikuwa akitokwa jasho. Alimnong'oneza Mektrida, "Niongeze sauti?"

"Hapana. Iko sawa. Tusubiri jua."

"Jua la nini, shemeji?" aliuliza Filemon, naye sauti yake haikuwa na dhihaka tena.

"Namba Nne haamki bila jua."

Hakuna aliyeelewa, lakini alivyosema, kwa ile sauti ya kituoni, iliwafanya watu wasubiri kama walivyosubiri zamani na kisikilizi mkononi. Wazee walikaa kwenye nyasi. Saa sita kasoro robo wingu lilipasuka upande wa Machame, mwanga ukateremka kihamba kwa kihamba, ukavuka barabara, ukaingia majini.

Kwanza ilikuwa kama sindano inayopiga mluzi. Watu waligeuka kutazama nyuma yao. Kisha mluzi wa pili, wa tatu, kisha yote kwa pamoja, mchiriziko mzima wa sauti ndogo ndogo zikimwagika kutoka kwenye mparachichi juu ya vichwa vyao. Majani yaliyobebwa kwa madebe yalikuwa yanapumua. Na chini ya mlio ule, ghafla, mkwaruzo wa haraka: Namba Moja. Akajibiwa na mwingine. Mwingine akajibu kutoka kona ya pili. Jiwe la kusini likagongwa mara tatu, likanyamaza.

Mzee mmoja alivua kofia. Yule wa misa ya tatu alikuwa amekaa chini, mdomo wazi.

"Nani anakaanga?" alinong'ona Filemon.

"Nilisema mimi!" Yuditha alipiga kelele. "Miaka mitatu iliyopita nilisema hivyohivyo!"

Filemon aliinua mkono wake. Aliuinua juu kabisa, mtu mrefu vile, ukafika kwenye matawi. Mkono wa pili ukainuka, wa tano, kisha ikawa haina haja ya kuhesabu. Mtu akaanza kigelegele, kikapokelewa mpaka barabarani, na Dhirendra akalazimika kuongeza sauti ili nduwa nayo isikike.

Siku ileile walichimba shimo la kuoshea pampu, mbali na mfongo, na wiki iliyofuata masale yakapandwa kulizunguka jiwe la zamani. Fremu zilijengwa ng'ambo ya barabara. Mbili ni za Filemon, ambaye hupenda kuwaambia wateja wake kwamba yeye ndiye aliyeng'oa kigingi. Tarumbeta haikushuka mtini. Dhirendra alisema imezeeka kwa maharusi.

Mwaka 2003 Avni, binti wa Dhirendra anayesoma ng'ambo, alikuja likizo akapelekwa Ngirini. Alikaa nyasini saa nzima akisikiliza, kisha akamweleza Mektrida kwamba huko anakosoma kuna watu wanaotega masikio baharini na mitoni namna hii, wakaweka sauti kwenye vyumba vikubwa, na watu hulipa kiingilio wakae wasikilize. Huitwa sanaa.

"Wanalipa?" alisema Yuditha. "Sisi tunawapa na mbege."

Jumapili moja kila mwezi, misa ya pili ikitoka, watu hushuka nduwani. Wanatoka Kibosho yote sasa, na wengine mtaa wa Soweto mjini Moshi. Mektrida hukaa kwenye kiti chake chini ya mparachichi, daftari magotini. Ni la nne, na wateja wake wamefika namba kumi na saba. Hutazama jua, hungoja watoto watulie, kisha hukiweka kidole kwenye swichi.

"Tafadhali subirini," husema. "Mnaunganishwa."